Kadi ya jimu ya "dunia nzima": je, anayesafiri kibiashara kutoka Mombasa ainunue?

"Assalaam aleikum mwalimu wa mazoezi. Mimi ni mama wa miaka 46, nauza vitambaa na mabuibui hapa Mombasa. Huu ni mwaka wa tatu nafanya mazoezi mara tatu kwa wiki katika jimu ya wanawake huku Nyali, tangu nilipoambiwa nina sukari. Natumia vidonge vya metformin peke yake na vipimo vimeshuka, alhamdulillahi. Shida yangu ni safari. Naenda Dubai mara nne kwa mwaka, Istanbul mara moja na Guangzhou mara moja wakati wa maonyesho. Kila safari ni siku sita mpaka kumi, na nikirudi najiona nimeanza upya kabisa. Safari iliyopita, nikiwa mtaa wa Deira kule Dubai, kijana wa jimu moja alinieleza kadi yao: dirham 300 kwa mwezi, mkataba wa mwaka mzima, na naweza kuingia matawi yao 'dunia nzima'. Ameniambia bei hiyo inaisha mwisho wa mwezi, na kila siku ananitumia ujumbe. Je, niichukue hiyo niache ya Mombasa? Ujue pia kwamba sifanyi mazoezi mbele ya wanaume."

Wa aleikum salaam, dada yangu.

Nianze na la haraka, maana mwisho wa mwezi uko karibu: usitie sahihi. Ya Nyali usiiache. Sasa tukae tuelezane kwa nini, kwa sababu swali lako lina mambo mawili ndani yake. Moja ni la pesa na mikataba, na hilo ndilo uliloliuliza. La pili umelipitia kwa sentensi moja tu, pale uliposema ukirudi unajiona umeanza upya. Kwangu mimi hilo la pili ndilo lenye uzito, kwa sababu una sukari. Nitayajibu yote.

Tushike kwanza hilo neno "dunia nzima". Watu wengi wanadhani jimu yenye jina kubwa ni kampuni moja yenye milango mingi, kama benki. Mara nyingi sivyo. Chukua Anytime Fitness, iliyoanzia Minnesota, Marekani, mwaka 2002. Leo ina matawi zaidi ya 5,000 katika nchi nyingi, lakini sehemu kubwa ya matawi hayo ni mali ya watu mbalimbali walionunua haki ya kutumia jina, rangi na mfumo wa mlango. Au chukua Fitness First, jina unaloliona Dubai. Lilianzia Bournemouth, Uingereza, mwaka 1993. Mwaka 2016 matawi mengi ya Uingereza yakanunuliwa na DW Sports. Mashariki ya Kati jina hilo linaendeshwa na Landmark Group ya Dubai, na kule Asia ya Kusini-Mashariki likaingia mikononi mwa Evolution Wellness mwaka 2017. Kibao ni kile kile, wenye duka mbalimbali. Wewe ni mfanyabiashara, unalijua hili: duka la Biashara Street na duka la Kongowea yanaweza kuandikwa jina moja, lakini risiti ya huku haikupi kitambaa kule kama wenyewe hawajaelewana.

Sasa fuata pesa yako. Ile ada ya mwezi inaingia kwa mwenye tawi ulilojiandikishia, ambalo wao huliita tawi lako la nyumbani. Siku ukiibuka Istanbul, mwenye tawi la kule ndiye anayelipa umeme wa mashine utakayopanda, maji utakayooga na mfagiaji atakayepita nyuma yako, na kwa kawaida hapati kitu cha maana kutoka kwako. Kwa nini akubali? Anakubali kwa sababu na wanachama wake hupokelewa kwingine, basi hesabu inalingana, mradi wageni wasizidi. Hapo ndipo masharti yanapozaliwa. Jimu nyingi za aina hii hukuzuia kutumia matawi mengine katika wiki za mwanzo za uanachama. Nyingi husema ukionekana tawi jingine mara nyingi kuliko la nyumbani, uhamishiwe huko, kwa bei ya huko. Hata YMCA za Marekani, ambazo si za kutafuta faida, zina uanachama wa nchi nzima wenye sharti kwamba angalau nusu ya ziara zako ziwe katika tawi lako la nyumbani.

Jitazame wewe sasa. Tawi lako la nyumbani litakuwa Deira, mji unaolala siku 28 hivi kwa mwaka. Utalipia nyumba usiyokaa ili upate ruhusa ya kuwa mgeni kwingine.

Nakwambia haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu yalinifika. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na kadi ya aina hii, nikasafiri kwa kozi ya wiki mbili. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimesimama nje ya jimu, begi begani, mlango wa kioo, ndani taa zinawaka na mtu mmoja anakimbia kwenye mashine. Nikagusisha kile kitufe cha mlango, kidude wanachokupa kama ufunguo. Taa nyekundu. Nikagusisha tena, nyekundu. Yule mtu wa ndani akanitazama, na mimi nikamtazama, hakuna mhudumu mpaka saa tatu. Nilipokuja kuuliza, nikaambiwa tawi langu lilipaswa kuniwezesha kwenye mfumo kabla sijasafiri, na kwamba ruhusa ya nje ya nchi ina muda wake wa kusubiri. Yote yalikuwa yameandikwa kwenye mkataba, ukurasa wa nne. Aliyeniuzia hakunidanganya, alinisomea ukurasa wa kwanza tu.

Tufanye hesabu, kama unavyofanya ukinunua marobota. Dirham 300 mara 12 ni dirham 3,600. Kwa dirham moja kuwa shilingi 35 hivi, hiyo ni karibu Sh126,000 kwa mwaka. Una safari sita. Tuseme kila safari utapata nafasi ya kuingia jimu mara tatu, na mimi nakujua mtu wa shughuli, hizo tatu ni nyingi. Jumla mara 18. Sh126,000 gawa kwa 18 ni Sh7,000 kila unapoingia. Na hiyo ni iwapo Istanbul na Guangzhou watakupokea. Wasipokupokea, zinabaki zile mara 12 za Dubai, na kila moja imekugharimu Sh10,500. Linganisha na mtu anayelipa pale mlangoni kwa siku moja: hata wakimtoza dirham 100 nzima, ni Sh3,500, na siku asiyoingia halipi kitu. Juu ya hayo yote bado ungehitaji mahali pa kufanyia mazoezi hapa Mombasa, unapokuwepo siku 320 hivi za mwaka.

Halafu kuna hilo la wanawake peke yao, ambalo yule kijana sidhani alilifikiria. Ukiwa na kadi ya matawi mia, hesabu matawi yaliyo na sehemu ya wanawake, katika miji mitatu unayokwenda, umbali ambao utaufika baada ya siku nzima ya kuzunguka. Idadi itanywea mbele ya macho yako. Dubai utapata, kuna jimu za wanawake na kuna zenye ghorofa yao. Uturuki wana mtandao wao wa jimu za wanawake tupu unaoitwa b-fit, lakini hauhusiani na kadi ya Deira. Guangzhou usijenge matumaini. Na zile jimu za saa 24 zinazofunguliwa kwa kitufe, ambazo ndizo nyingi katika kadi hizi, kwa kawaida ni za mchanganyiko, na usiku hazina mhudumu.

Kwa hiyo mwandikie kijana ujumbe mmoja tu. Mwambie akutumie majina na mitaa ya matawi ya Istanbul na Guangzhou yenye sehemu ya wanawake, na kipande cha mkataba kinachosema lini ruhusa ya nje inaanza na ukitaka kuvunja mkataba unalipa nini. Kwa maandishi. Akinyamaza, umejibiwa.

Sitaki uelewe kwamba kadi hizi ni utapeli. Zina watu wake. Binti anayekwenda Manchester kufanya kazi ya uuguzi miaka miwili, huku akizunguka hospitali za miji mbalimbali, zitamfaa sana. Mfanyakazi wa ndege anayelala Doha siku kumi na tano za mwezi zitamfaa. Anayeendesha gari la mizigo Ulaya, akipita Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi, ana Basic-Fit, ambayo ina matawi katika nchi zote hizo tatu na nyingine jirani, na ataoga humo pia. Kinachowaunganisha wote hao ni kwamba wanakaa muda mrefu mahali palipojaa matawi. Wewe hukai. Unapita.

Kuna aina ya pili ambayo huenda utaisikia: programu ya simu inayokuuzia nafasi katika jimu nyingi zisizohusiana. Maarufu ni ClassPass, iliyoanzishwa New York mwaka 2013. Unanunua pointi za mwezi, kila darasa lina bei yake kwa pointi, na jimu inalipwa kwa ziara uliyofanya. Hii kidogo ina haki, kwa sababu mwenye jimu analipwa ukija, hivyo hana sababu ya kukukunjia uso. Dubai inafanya kazi, na darasa unalichagua ukiliona, pamoja na yale ya wanawake. Lakini saa ambazo watu wengi wanataka huwa ghali, pointi zisizotumika hazihamii zote mwezi unaofuata, na malipo hujikata yenyewe kila mwezi mpaka uyasimamishe. Ukitaka kuijaribu, jaribu mwezi mmoja wa safari, kisha uifunge ukiwa bado hotelini, kabla hujasahau. Iko pia Wellhub, zamani ikiitwa Gympass, iliyoanzia Brazil mwaka 2012, ila hiyo hupitia kwa mwajiri. Wewe umejiajiri, tuiache.

Neno moja la sheria. Mkataba ukiutia sahihi Deira, utafuata sheria za kule, na wewe utakuwa Mombasa ukibishana kwa simu. Huku nyumbani una kinga ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu mikataba ya huduma za afya na mazoezi unayolipia kabla. Inasema mkataba wa namna hiyo usizidi mwaka mmoja, na inampa mteja siku 10 za kubadili nia baada ya kupokea nakala yake, bila kutoa sababu. Ndiyo maana nakala uidai kila mara, iwe ya karatasi. Kukiwa na mzozo wa pesa nyingi, mwone wakili na nakala hiyo mkononi. Usitegemee majibizano ya WhatsApp. Na kwa jimu yako ya Nyali, waombe tu wakuongezee siku ulizosafiri mwishoni mwa mwezi. Wengi hukubali kwa mwanachama wa miaka mitatu, kama ukiomba kabla ya kuondoka.

Basi tuje kwenye mwili.

Unasema ukirudi unaanza upya. Dada yangu, huanzi upya, na ningependa hofu hiyo ikutoke kwa sababu ndiyo inayokusukuma kununua vitu. Nguvu za misuli uliyoijenga kwa miaka mitatu hazipotei kwa siku kumi. Mtu aliyezoea mazoezi anaweza kupumzika wiki mbili hadi tatu na bado nguvu zake zikawa karibu pale pale. Kinachoshuka mapema ni pumzi: ndani ya wiki mbili hivi za kukaa, maji ya damu hupungua, moyo ukalazimika kupiga haraka zaidi kwa kazi ile ile. Ndiyo ile unayoisikia siku ya kwanza kwenye mashine ya kutembea. Changanya na usingizi wa vipande vipande, chakula cha mikahawani chenye chumvi, na miguu iliyochoka na viwanja vya ndege, utaona kama umezeeka. Ni uchovu. Siku ya kwanza ukirudi, nyanyua theluthi mbili ya uzito wako wa kawaida. Mara ya tatu utakuwa umerudi mahali pako.

Kuna utafiti nimeupenda tangu nilipofundishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Robert Hickson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Chicago walifundisha watu mazoezi makali siku sita kwa wiki kwa wiki 10. Kisha wakawapunguzia, wengine siku nne, wengine siku mbili tu, kwa wiki 15 nyingine. Hata wale wa siku mbili pumzi yao haikushuka, mradi wafanye kwa ukali ule ule. Katika jaribio jingine walipunguza ukali badala ya siku, na hapo watu wakashuka. Maana yake kwako: safarini unaweza kupunguza mara na kupunguza muda, lakini ukifanya, fanya kweli, mpaka maneno yakukatike mdomoni.

Lakini sukari ina hesabu yake tofauti, na hapa naomba unisome polepole. Msuli unapofanya kazi hufungua milango yake na kuvuta sukari kutoka kwenye damu, hata kama mwili wako hauitikii insulini vizuri. Milango hiyo haifungwi mara ukishuka kwenye mashine. Msuli unaendelea kuipokea insulini vizuri zaidi kwa siku nzima, wakati mwingine mbili, kisha faida inayeyuka. Kwa hiyo Chama cha Kisukari cha Marekani kinashauri mwenye sukari asipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila mazoezi. Nguvu zako zinaweza kungoja siku kumi. Sukari yako haingoji. Ndiyo sababu nakwambia safarini hukukosa mashine, ulikosa mfululizo. Dakika 20 kila siku ya pili chumbani zina thamani kubwa kwako kuliko jimu ya marumaru unayoifikia mara moja kwa safari.

Na kutembea? Utaniambia, mwalimu, mimi natembea kutwa. Kweli. Kuzunguka soko la vitambaa la Zhongda kule Guangzhou, au kumbi za yale maonyesho ya Canton kule Pazhou siku zile za awamu ya tatu ambapo nguo na vitambaa ndivyo vinavyowekwa, ni kilomita nyingi. Ila ni mwendo wa kusimama-simama, unagusa kitambaa, unauliza bei, unasogea. Ni mzuri kuliko kukaa, na uhesabu katika zile dakika 150 hadi 300 za kila wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza pale tu mwendo unapokuwa wa kuhema. Ninachotaka uongeze ni dakika 10 hadi 15 za mwendo wa haraka mara tu baada ya kula, hasa chakula cha jioni. Sukari ya baada ya mlo ndiyo hupanda, na ndiyo unayoikamata hapo.

Kinachokosekana safarini mwako ni kazi ya nguvu, na hiyo vifaa unavyo. Una begi la sampuli, na sina shaka una ile mizani ndogo ya kuning'iniza ya kupimia mizigo. Pima begi. Lijaze mpaka kilo nane, likumbatie kifuani, simama mbele ya kiti, keti na uinuke polepole mara 12. Ukimaliza bila jasho, ongeza vitambaa mpaka kilo 10. Kisha weka mikono kwenye ukingo wa meza nzito inayogusa ukuta, isiyoteleza, ushushe kifua na kujisukuma, mara 10. Kisha chukua mpira wa kuvuta, ule bapa unaokunjika kama mkanda, uufunge fundo, ulipitishe fundo upande wa pili wa mlango, ufunge mlango kwa ufunguo, uvute kwa viwiko kuelekea mbavuni mara 15. Hakikisha unavuta ukiwa upande ambao mlango haufunguki kukujia wewe, usije ukakupiga. Malizia kwa kuinuka na vidole vya miguu, mara 20, umeshika ukuta. Rudia mzunguko mara tatu. Dakika 20, khanga imefungwa kiunoni, pazia limeteremshwa, hakuna anayekuona. Magoti yakilalamika, weka mto juu ya kiti ili usishuke chini sana.

Miji yenyewe itakusaidia ukiijua. Istanbul ndiyo rahisi: saa yao ni saa yetu mwaka mzima, tangu Uturuki ilipoacha kurudisha saa nyuma mwaka 2016, kwa hiyo mwili wako hauna sababu ya kubadilisha ratiba. Kutoka Laleli unateremka mpaka ufukwe wa Kumkapı kwa miguu, na bustani nyingi za kule zina vyuma vya mazoezi vya bure, utakuta na wazee wa kike waliojitanda wakivitumia asubuhi. Guangzhou, kama unafikia upande wa Xiaobei, bustani ya Yuexiu iko karibu, ina vilima na ngazi, na alfajiri imejaa watu wazima wanaonyoosha viungo, hakuna atakayekushangaa. Ila wametutangulia saa tano, basi siku mbili za mwanzo usijilazimishe ukali. Dubai miezi ya joto usitoke nje kutembea mchana hata kidogo, mwenye sukari huishiwa maji upesi. Tembea ndani ya jengo la maduka kabla hayajajaa. Ukiweza kupanga safari moja iangukie Novemba, tangu 2017 mji huo huwa na mwezi wa mazoezi, dakika 30 kila siku kwa siku 30, na madarasa mengi huwa ya bure.

Na kama roho yako inataka jimu yenyewe, vyuma na vioo, basi chagua hoteli iliyo nayo. Ongea nao kabla hujalipa: wakutumie picha ya chumba cha mazoezi kilivyo leo, wakwambie saa za wanawake, na kama hakuna, kama wanaweza kukufungulia saa kumi na mbili asubuhi peke yako. Tofauti ya bei ya chumba mara nyingi ni ndogo kuliko ulivyokuwa ukienda kulipa kwa kadi.

Sasa yale ambayo mimi, mwalimu wa mazoezi, sina ruhusa ya kuyamaliza kwa barua. Daktari wako akikubadilishia dawa, akakuongezea insulini au vidonge vya jamii ya gliclazide au glibenclamide, usifanye tena mazoezi ya peke yako chumbani ugenini kabla hamjazungumza, kwa sababu dawa hizo, tofauti na metformin peke yake, zinaweza kushusha sukari mpaka ukazirai. Kama macho hayajapimwa ndani kwa mwaka mmoja sasa, yapime kabla hujaongeza vyuma vizito. Mishipa ya jicho la mwenye sukari haipendi kukamua pumzi. Maumivu ya kifua, au kukosa pumzi kusikolingana na kazi unayofanya, ni hospitali siku hiyo hiyo, iwe Mombasa au Guangzhou. Na ndege zinazozidi saa nne huongeza uwezekano wa damu kuganda mguuni. Ni uwezekano mdogo, lakini upo. Inuka utembee kwenye ujia wa ndege, na baada ya safari ukiona mguu mmoja umevimba, una joto na unauma kuliko mwenzake, usiukande wala usiufanyishe mazoezi. Mwone daktari mara moja.

La mwisho ni viatu. Kila safari naona kina mama wananunua viatu vipya uwanjani na kuvivaa sokoni siku ya kwanza. Wewe usifanye hivyo. Vaa vilivyozoea mguu, na kila usiku kaa kitandani uangalie nyayo na katikati ya vidole, kwa kioo kidogo au kamera ya simu. Wiki moja kabla hujapanda ndege, pitia kliniki yako ya kisukari, uwaambie unasafiri, vua soksi wakuangalie miguu, na uwaombe barua yenye majina ya dawa zako uiweke pamoja na pasipoti.